Kamera 16 shuleni, mwaka mmoja na nusu baadaye: nyota tatu, tena kwa shingo upande

Niseme mapema kwamba mimi siyo fundi, mimi ni mwalimu, na hii kazi ya kuwa "mtu wa kamera" pale shuleni nilibebeshwa kwa sababu moja tu, siku mafundi wanafunga mimi ndo nilikuwa sina kipindi. Mwalimu mkuu akapita akanikuta nimesimama nawaangalia wale vijana juu ya ngazi, akasema mwalimu hebu shika hii karatasi, ina paswedi, usiipoteze. Basi, tangu siku hiyo kikipotea kiatu, mtoto akipigwa, geti likigongwa na gari, utasikia tu "muulizeni yule wa kamera". Kwa hiyo haya ninayoandika ni ya mtu aliyekaa na hiki kitu mwaka mmoja na nusu, siyo ya mtu aliyefungua boksi jana akapiga picha akapost.

Tulichonunua ni seti ya kawaida kabisa, kamera 16 za megapikseli 2, rekoda moja, diski ya terabaiti 2, skrini, kebo, na apu ya kuangalia kwenye simu. Jina la kampuni silitaji na aliyefunga simtaji, maana nimegundua seti za bei hii zinafanana kama mapacha, zinabadilisha stika tu. Moja tukaweka getini, tatu kwenye uzio, sita kwenye makorido, mbili zinaangalia uwanja, halafu maktaba, chumba cha kompyuta, stoo, na mlango wa ofisi. Madarasani hatukuweka, hilo lina hadithi yake nitafika.

Nianze na mazuri nisije nikaonekana mchungu. Kamera ya geti ni nzuri sana, na nasema sana. Mchana unaona sura, unaona namba ya gari, unaona hadi mlinzi wetu mzee akisinzia (mzee wangu samahani, ila umeonekana). Nilikuja kujua baadaye kwamba siyo kamera yenyewe ni bora kuliko zile nyingine, zote ni aina moja, tofauti ni eneo inaloangalia. Picha ya megapikseli 2 ina pikseli, yaani vile vidoti vinavyojenga picha, 1920 kwa upana. Pale getini upana unaoonekana ni kama mita 4, kwa hiyo kila mita inapata pikseli 480, na kile kiwango cha kimataifa cha kamera za ulinzi, toleo la 2014, kilitaka 250 kwa mita ndo uweze kumtambua mtu usiyemjua. Tumezidisha, safi.

Sasa njoo uwanjani. Kamera ileile, bei ileile, inaangalia eneo la mita kama 35. Gawanya mwenyewe, unapata pikseli 55 kwa mita, na uso wa mtoto una upana wa sentimita kama 15 hivi, maana yake sura nzima ya mtoto, macho, pua, mdomo na machozi yake, imekaa ndani ya pikseli 8. Nane! Kwenye simu unaona uwanja mzuri wa kupendeza unasema aah tunaona kila kitu, halafu siku ukitaka kujua nani kampiga nani unavuta picha karibu unapata vigae vya rangi ya ngozi na rangi ya sare. Na sare zenyewe wote wamevaa moja. Sijawahi kuichukia sare kama siku nimekaa masaa mawili natafuta mvulana mwenye sweta ya shule kati ya wavulana mia mbili wenye sweta ya shule.

Fundi hakutuambia hilo. Kwa haki yake na sisi hatukumuuliza, tulimwambia tu "hakikisha uwanja wote unaonekana", na kweli unaonekana wote.

Usiku picha inageuka nyeusi na nyeupe, hiyo ni kawaida, zinatumia mwanga ambao jicho letu halioni. Shida ni buibui. Yaani buibui wanapenda zile kamera kuliko wanavyopenda maktaba yetu, maana wadudu wanazunguka pale na buibui anafuata riziki, anatandaza utando mbele ya lenzi, usiku utando unang'aa kama pazia la harusi na simu yangu inapiga kengele ya "mtu ameonekana" saa nane usiku, saa nane na robo, saa tisa kasoro. Wiki ya tatu nikazima kengele zote. Nadhani kila mtu huzima. Ukinunua hiki kitu nunua na fagio lenye mpini mrefu, ndo kifaa muhimu kuliko vyote na hakimo kwenye boksi.

Jambo lililonifanya nisizichukie kabisa hizi kamera ni projekta. Ilipotea projekta ya shule, mpya, na kama kawaida macho yakaenda kwa wafanya usafi. Wale akina mama wawili waliitwa ofisini, mmoja alikuwa analia, mwingine amekaa kimya anaangalia sakafu, na nilishasikia mtu anasema "hawa wa nje hawa". Nikaomba dakika ishirini. Nikarudisha kamera ya stoo hadi Alhamisi jioni na hapo nikamwona mwalimu wetu wa michezo anatoka na projekta kwapani, anapiga mluzi (sauti hairekodi ila mdomo ulionekana), anaelekea chumba cha vifaa vya michezo, na huko ndo tuliikuta, chini ya nyavu za mpira, yeye mwenyewe kashasahau. Waliombwa radhi siku hiyohiyo. Bila ile kamera wale mama wangepoteza kazi, sina shaka hata kidogo. Watu wanaojadili kamera shuleni mara nyingi wanaongelea kumkamata mkosaji, hawaongelei kumwokoa asiyekosa, na mimi hiyo moja naihesabu kubwa.

Haya sasa tuje kwenye diski, hapa ndo nilipoteza imani.

Tuliambiwa inahifadhi "mwezi mzima". Hayo maneno nayakumbuka kwa sababu mwalimu mkuu aliyarudia kwenye mkutano wa wazazi, mwezi mzima ndugu wazazi, na watu wakapiga makofi. Hesabu yenyewe mtoto wa shule anaiweza: kila kamera ilikuwa imesetiwa megabiti 2 kwa sekunde (biti nane ni baiti moja), hiyo ni megabaiti 900 kwa saa, ni gigabaiti 21.6 kwa siku, zidisha mara 16 unapata karibu gigabaiti 346 kwa siku. Diski ina gigabaiti 2000. Siku tano na kitu! Hata wiki haifiki, na ikijaa rekoda haisemi chochote, inafuta za zamani kimyakimya inaandika mpya juu yake. Kungekuwa na njia ya kupunguza, kuna mfumo mpya zaidi wa kubana video ambao unakaribia kukata ukubwa nusu, kuna kusetia irekodi pale tu kitu kinapotembea, lakini vyote hivyo lazima mtu akae aviseti, na mtu huyo hakuwepo. Au tuseme alikuwepo, alikuwa ana karatasi yenye paswedi mfukoni.

Nilijuaje kwamba ni siku tano? Nilijua kwa njia mbaya.

Siku moja ya Jumanne, mapumziko ya asubuhi, mtoto wa darasa la tatu alidondoka kwenye ngazi za jengo la nyuma akavunjika mkono. Tukampeleka hospitali, mzazi akapigiwa, mtoto akasema "niliteleza", wote tukasema pole, ngazi zile zina utelezi kweli. Hakuna aliyefikiria kuangalia video kwa sababu hakukuwa na kesi. Alhamisi ya wiki iliyofuata mama yake akaja. Mtoto alikuwa ameanza kulia usiku, na baada ya kubembelezwa sana akasema hakuteleza, kuna wakubwa watatu walimsukuma, na haikuwa mara ya kwanza, walikuwa wanamsubiri palepale. Mama hakufoka, na nadhani ingekuwa rahisi kwangu kama angefoka. Alisema tu, mwalimu, mlituambia kuna kamera.

Nikafungua rekoda mbele yake. Video ya zamani kuliko zote ilianza Jumamosi. Niliibofya Jumanne mara tatu nne kama vile ingebadilisha mawazo.

Sasa sikiliza jinsi ilivyozunguka baada ya hapo, maana hii ndo sababu ya kuandika haya yote. Mwalimu mkuu akasema fundi ametudanganya. Fundi akapigiwa, akasema aliwaandikia kwenye makadirio diski ya terabaiti 8 na shule ikachagua ya 2 (na ni kweli, nimeiona ile karatasi). Mhasibu akasema yeye alipewa kiasi akakifuata. Kamati ya wazazi ikasema mtaalamu wa kamera ni mwalimu fulani, yaani mimi. Mimi nikasema mimi nilipewa karatasi tu. Mpira ulizunguka meza nzima ukarudi ulipoanzia, na katika wale watu wote hakuna hata mmoja aliyeuliza swali moja la kijinga kabisa: siku ile, mapumziko yale, mwalimu wa zamu alikuwa wapi?

Mwalimu wa zamu nilikuwa mimi.

Nilikuwa chumba cha walimu, nimekaa, nimefungua apu. Kabla ya kamera, mwalimu wa zamu alikuwa anazunguka, uwanja, vyoo, ngazi za nyuma, anarudi, anazunguka tena, ndo zamu hiyo. Baada ya kamera hakuna aliyetuambia tuache kuzunguka, hakuna barua wala kikao, tuliacha tu pole pole, kwanza siku za mvua, halafu siku za jua kali, halafu kila siku. Ukiulizwa unasema naangalia kwenye simu. Na simu yenyewe, apu yenyewe, ukitaka kuona kamera zote 16 kwa pamoja kile kiduara cha kusubiri kinazunguka weee mpaka mapumziko yanaisha. Dakika ile mtoto anasukumwa mimi nilikuwa naangalia kiduara. Na hata kama ingefunguka, ngazi za nyuma hazina kamera, kuna kamera ya korido inayoishia mita mbili kabla. Watoto walikuwa wanalijua hilo. Mimi, mtu wa kamera, nilikuwa silijui.

Kwa hiyo mtu akiniuliza hiki kifaa kina kasoro gani kubwa, simwambii pikseli. Namwambia kinakufanya uamini kuna mtu anaangalia. Mwalimu anaamini kamera inaangalia, mzazi anaamini mwalimu anaangalia kamera, na kamera haimwangalii mtu, inaandika tu kwenye diski. Kuna uchambuzi mkubwa wa mwaka 2019 uliokusanya tafiti za kamera za ulinzi za miaka 40, na matokeo yake kwa kifupi ni kwamba uhalifu ulipungua kwa kama asilimia 13, zaidi kwenye maegesho ya magari, na kwa makosa ya watu kupigana na kuumizana hawakuona tofauti ya maana. Zilizofanya vizuri zaidi ni zile zenye mtu amekaa anaziangalia moja kwa moja. Hizo ni kamera za mitaani na maegesho siyo za shule, najua, lakini nilipoisoma nilicheka peke yangu. Gari linalindika, mtoto, mwenzangu, bado anataka mtu.

Na hapo sijagusa suala la nani anaruhusiwa kuona. Skrini yetu ilifungwa ofisi ya sekretari, nyuma ya kiti chake, inatazama mlango. Maana yake kila mgeni, kila mzazi aliyekuja kulipa ada, muuza vitabu, anasimama pale anaangalia watoto wa watu kama anaangalia taarifa ya habari. Muhula wa pili mtu mmoja (hatukumjua hadi leo na ndo ujinga wenyewe, chumba chenye skrini ya kamera hakina kamera) alirekodi skrini kwa simu yake, kipande cha sekunde tisa cha msichana aliyeteleza kwenye korido sketi ikapanda. Sekunde tisa. Ikaingia grupu la wazazi la WhatsApp, ikatoka, ikaenda kwa wanafunzi wa juu, kufikia ijumaa ilikuwa stika. Yule msichana alihama shule. Vifaa vyote vilifanya kazi sawasawa siku ile, hakuna aliyevunja mfumo, hakuna mdukuzi, paswedi ilikuwa salama mfukoni kwangu. Mkataba wa kimataifa wa haki za mtoto wa 1989, kifungu cha 16, unasema mtoto asiingiliwe faragha yake kiholela. Tunaubandika ule mkataba ukutani kila siku ya watoto, na skrini ilikuwa ukuta wa pili.

Tulihamisha skrini siku tatu baadaye. Ilichukua dakika arobaini na kebo ya mita kumi.

Kuhusu madarasani sasa. Wazazi walitaka, baadhi walitaka sana, wawe wanafungua simu kazini wanaona mtoto anasoma au analala. Walimu tukakataa, na niwe mkweli sababu zetu zilikuwa mchanganyiko, wengine tulikuwa tunatetea watoto, wengine tulikuwa tunajitetea wenyewe na vipindi tunavyochelewa. Baba mmoja akasema kama huna la kuficha unaogopa nini, na mwalimu mmoja wa siku nyingi akamjibu kwa upole, baba, mtoto wako wiki iliyopita alijikojolea darasani kwa aibu ya kuomba ruhusa, nilimfunika na sweta yangu wenzake hawakujua hadi leo, ungependa liwe kwenye simu za wazazi arobaini? Ukimya ule ulikuwa mzito. Baba mwenyewe hakujua kama mtoto wake alijikojolea. Pendekezo lilikufa pale, ingawa naona litafufuka, haya mambo huwa hayafi.

Vyooni sihitaji kusema, ila nasema kwa sababu kuna mtu alipendekeza kweli, "nje tu ya mlango". Nje ya mlango wa choo ni sehemu ambayo mtoto anatoka anafunga vifungo. Hapana.

Wanafunzi wenyewe walifanya mdahalo, mada kamera zinajenga nidhamu. Upande wa kukubali walizungumza vizuri, wizi wa vitabu umepungua, walimu wanawahi. Ni kweli. Upande wa kupinga alisimama binti mmoja wa mwisho mwisho pale, hana hata karatasi, akasema zamani tulikuwa tunajua mwalimu gani yuko zamu tukakimbilia kwake, sasa hivi tunajua kamera ziko wapi. Akasema nyuma ya tangi la maji haionekani, chini ya ngazi haionekani, mlango wa pili wa bwalo haionekani, kama kuna mtu anataka kukupiga anakupeleka huko, kamera imewafundisha pa kwenda. Halafu akauliza, kamera ikiniona nalia, nani anakuja? Akakaa. Ushindi walipewa upande wa kukubali kwa sababu walikuwa na hoja nyingi zaidi. Mimi niliandika yale maeneo matatu kwenye daftari, na hiyo ndo ripoti bora ya ukaguzi wa mfumo wetu niliyowahi kupata, bure, kutoka kwa mtoto wa miaka kumi na nne.

Mengine kwa haraka haraka. Saa ya rekoda inapotea. Betri yake ndogo ilikufa, umeme ukakatika, ikarudi na tarehe ya Januari 2000 na sisi tukaendelea kurekodi mwaka 2000 kwa wiki mbili bila kujua, sasa ukimletea mzazi ushahidi wa kabla mtoto wake hajazaliwa atakuelewa vipi. Kama shule ina intaneti iseti ijirekebishe yenyewe, ni sehemu moja tu ya kubofya. Paswedi ya kiwandani badilisha siku ya kwanza kabla fundi hajashuka ngazi. Mwaka 2016 kirusi kinaitwa Mirai kilivamia makamera na marekoda kama haya duniani kote kwa kujaribu tu paswedi za kiwandani, kikayatumia kushambulia intaneti hadi Twitter na Netflix zikayumba Marekani. Na mwaka 2021 wadukuzi waliingia kwenye kampuni moja ya kamera za mtandaoni wakapata njia ya kuona kamera kama 150,000, zikiwemo za hospitali na shule. Kwa hiyo "ni kashule kadogo nani atatutafuta" siyo jibu, kirusi hakijui ukubwa wa shule.

Juzi hapa muuzaji amerudi na bidhaa mpya, mfumo wa kutambua sura, eti kamera iite mahudhurio yenyewe, mwalimu asipoteze dakika kumi kila asubuhi. Alikuwa na kompyuta yake na video nzuri yenye muziki. Nikamwambia Sweden mwaka 2018 shule moja ya mji wa Skellefteå ilijaribu hivyohivyo kwa wanafunzi 22, wiki tatu tu, mwaka 2019 manispaa ikapigwa faini ya kronor 200,000, na walipojitetea kwamba wanafunzi walikubali, mamlaka ikasema mwanafunzi mbele ya shule hana uhuru wa kukataa, hiyo ridhaa siyo ridhaa. Ufaransa mahakama ilizuia mwaka 2020 kwenye shule za Nice na Marseille, jimbo la New York wakapiga marufuku kabisa mashuleni 2023. Akasema hizo ni nchi za watu. Sawa, lakini mimi nilikuwa nafikiria zile dakika kumi. Naita jina, mtoto anasema nipo, na kwenye lile "nipo" nasikia nani ana mafua, nani amelia njiani, nani kasemewa na jirani yake kwa sababu hayupo. Yule mvulana wa mkono, sauti yake ilianza kushuka wiki mbili kabla ya ngazi. Niliisikia. Sikuifuatilia, hilo langu, lakini niliisikia, na rekoda yetu hairekodi sauti.

Tulichobadilisha ni kidogo. Zamu imerudi kwa miguu, na kwenye karatasi ya zamu sasa kuna jina na sehemu, siyo jina tu. Paswedi wanayo watu wawili na kuna daftari, ukifungua video unaandika umefungua nini, kwa nini, saa ngapi, na mwenzako anasaini. Mzazi akitaka kuona anaona akiwa na mwalimu mkuu, hapigi picha, na pale watoto wa wengine wanapoonekana tunamweleza tu kilichoonekana. Kuna mtu mmoja ambaye kazi yake imeandikwa, kila Jumatatu anaangalia video ya zamani zaidi ni ya tarehe ngapi. Dakika moja. Kama tungekuwa na hiyo dakika moja tangu mwanzo, mama yule asingesimama mbele ya ile skrini.

Wale wakubwa watatu walipatikana, msiniulize kwa kamera. Mwalimu yule wa siku nyingi, wa sweta, alikaa na darasa la tatu mchana mmoja chini ya mti, akarudi na majina.

Nyota sasa. Moja ni ya kamera ya geti. Moja ya projekta na wale mama wawili. Moja ya fundi, ambaye pamoja na yote alirudi mara tatu bila kudai nauli na ndo alinifundisha hesabu ya diski kwenye nyuma ya risiti. Mbili nimezikata, moja ya ile "mwezi mzima" na moja ya apu yenye kiduara. Je ningeshauri shule nyingine inunue? Ndiyo, kwa geti, uzio, stoo na chumba cha kompyuta, nunueni kamera nane nzuri badala ya 16, na pesa inayobaki iende kwenye diski kubwa. Kwa uwanja na ngazi ningejiuliza kwanza nani anasimama pale.

Diski ya terabaiti 8 imeshafika. Fundi alitaka kuja kesho asubuhi kuifunga, nimemwambia aje baada ya mapumziko ya saa nne, kabla ya hapo atanikuta ngazi za nyuma na mikono yangu haitakuwa huru, kuna watoto wawili wa darasa la tatu siku hizi wanakuja kunihadithia ndoto zao.